Jinsi ya kupiga picha michoro ya kale ya mapangoni mpaka ile iliyofifia ionekane, bila kumwagia jiwe maji

Naandika hii nikiwa Tabora, nina studio ndogo ya picha, kazi yangu ya kila siku ni paspoti saizi, harusi na kipaimara, ila kitu kinachonikosesha usingizi ni michoro ya kale ya kwenye mawe. Na kilichonifanya nianze kujifunza picha za spektra ni chupa ya maji.

Tulikuwa watu kama saba, tumepanda mlima mmoja ambao siutaji, tukafika kwenye jiwe lenye michoro myekundu iliyofifia kiasi kwamba usipoambiwa unapita tu unajua ni doa. Jamaa aliyekuwa anatuongoza akafungua chupa yake ya maji ya kunywa akalimwagia jiwe. Mchoro ukatokea palepale, pofu, yule mnyama mkubwa wa porini, mzima na nundu yake na pembe, watu wakashangilia wakatoa simu. Dakika chache jiwe limekauka, pofu karudi kwenye ufifi wake, na nilipoinama kuangalia vizuri nikaona chini yake michirizi myeupe, mingi, ya zamani. Ndio nikaelewa pofu yule kashamwagiwa maji mara nyingi sana.

Jiwe likilowa linakolea, kama shati lililopauka linavyorudisha rangi likiwa ndani ya beseni. Ila maji yanayeyusha chumvi zilizomo kwenye jiwe, yakikauka yanaziacha juu kama utando mweupe, unarudia tena, utando unanenepa, mpaka siku moja mchoro upo nyuma ya pazia na hakuna wa kulifunua. Wengine wanasugua kabisa na kitambaa, wengine wanapitishia mkaa au chaki kwenye mistari ili itoke vizuri kwenye picha. Yote hayo acha. Rangi ambayo jicho linaona imekwisha mara nyingi bado ipo, chembechembe zake zimeng'ang'ania kwenye vitundu vya jiwe, cha kubadilisha ni mwanga na namna ya kuupokea. Jiwe lenyewe liache lilivyo.

Sasa spektra ni nini. Mama yangu akienda kununua kitenge haangalii chini ya taa ya dukani, anakitoa mpaka nje barazani, juani, ndio anaamua, maana anajua chini ya taa ile maruni na kahawia zinafanana kabisa na ukifika nyumbani unajuta. Kitenge ni kilekile, kilichobadilika ni mwanga, na rangi mbili zilizokuwa pacha zikaachana. Picha za spektra ni hicho hicho kwa utaratibu na kwa vipimo.

Mwanga unapimwa kwa urefu wa wimbi lake, kwa nanomita, na macho yetu yanaupokea kuanzia kama nanomita 400 upande wa zambarau mpaka kama 700 upande wa nyekundu ya mwisho. Ukivuka hapo kuna infraredi, haionekani kwa macho. Simu na kamera za kawaida zinagawa mwanga mafungu matatu tu, nyekundu, kijani, bluu, basi. Kamera ya spektra inaukata vipande vyembamba, vinaweza kuwa sita, kumi, au mamia, na kila kipande kinapata picha yake peke yake. Faida yake ni kwamba kila kitu kina tabia yake ya kumeza na kurudisha mwanga. Ngeu, yaani ule udongo mwekundu wenye kutu ya chuma inayoitwa hematiti, inameza bluu na kijani inarudisha nyekundu, na ukiingia infraredi ya mwanzoni kwenye 750 hivi inarudisha mwanga mwingi mpaka inakaribia kupotea kwenye picha, afu kwenye 860 hivi inameza tena kidogo. Mkaa unameza kotekote, kuanzia bluu mpaka infraredi, kwa hiyo popote utakapoupiga unabaki mweusi. Vyeupe, kama chokaa, jipsamu na udongo wa kaolini, kwa macho ni ndugu moja na kwa kamera zetu pia, tabia zao zinaachana vizuri mbele huko, kwenye nanomita 2000 na zaidi, ambako vifaa vya bei yetu havifiki. Ukiyashika haya matatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, umeshashika sehemu kubwa ya somo.

Usianzie pangoni. Anzia nyumbani kwako, na hapa ndio naomba unisikilize kwa makini maana wengi wanaruka hii hatua. Huku Tabora graniti ipo kila kona, nenda kwa wanaoponda kokoto ununue bonge moja lenye uso bapa, ukubwa wa sinia dogo linatosha. Chukua udongo mwekundu, usage, uchekeche kwa kitambaa, changanya na mafuta ya mnyama kidogo. Chora twiga. Chukua mkaa uchore kuku, halafu fanya makusudi mchoro mmoja upande juu ya mwingine. Weka madoa ya chokaa pembeni. Liache jiwe wiki nzima nje likauke kabisa, kisha chukua brashi na maji usugue mpaka vitu vyote vibaki kama kivuli. Hilo ni jiwe lako, lisugue utakavyo, hasira zote za kusugua zimalizie hapo.

Kisha mpe mtu mwingine achore kwenye bonge la pili bila wewe kuona. Mimi nilimpa mpwa wangu wa darasa la sita, akachora, akasugua, akaniletea, anasema mjomba haya niambie hapo kuna nini. Nikapiga, nikachakata kwenye kompyuta, nikamwambia kwa uhakika kabisa ni mbuzi, pembe hizi hapa. Akaniambia mjomba angalia tena. Ilikuwa baiskeli. Ile niliyoiita pembe ilikuwa mstari wa kutu ya asili ya jiwe lenyewe, jiwe lina chuma ndani yake, na kompyuta iliukoleza sawasawa na rangi ya mtoto. Siku hiyo nilijifunza zaidi ya mwezi mzima wa kusoma, na mpaka leo nikiwa mbele ya jiwe la kweli naisikia ile sauti, mjomba angalia tena.

Ngazi ya kwanza, simu. Usiidharau. Ingia kwenye sehemu ya Pro, washa RAW, yaani picha ghafi ambayo simu haijaibana wala kuipamba, kama simu yako inayo, ISO, yaani ukali wa kamera kupokea mwanga, iwe chini, 100 ikiwezekana, zima flashi, zima HDR na zima kila kitu kinachojifanya kupendezesha picha, maana hivyo vinabadilisha rangi kabla hujaiona na huna namna ya kuirudisha. Kama RAW hakuna basi JPEG ya ubora wa juu kabisa, ila ujue kwamba JPEG inabana picha kwa vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, kwa macho huvioni, ila ukishakoleza rangi vinatokea kama vigae vya bafuni juu ya mchoro wako wote. Na tafadhali picha usizirushe WhatsApp kama picha, inazibana tena. Tuma kama dokumenti au hamisha kwa waya. Nimeshaletewa picha nzuri sana za watu zimekufa njiani hivyo hivyo, na mtu kasafiri siku mbili kuzipiga.

Mwanga uwe wa aina moja kwenye jiwe zima. Jua likipiga nusu na kivuli nusu, kompyuta itatumia nguvu zake zote kukuonyesha mpaka wa kivuli. Subiri kivuli kifunike mchoro wote, au siku ya mawingu, au mshike kitambaa cha kuzuia jua, ila kitambaa kisiwe cha rangi. Kuna siku tulizuia jua kwa turubai la bluu, tukarudi nyumbani na picha arobaini zote zina bluu iliyolala juu ya jiwe, ilibidi safari irudiwe. Shuka jeusi ni zuri, shuka jeupe pia sawa. Weka rula ya sentimita 10 na kadi ya kulinganishia rangi ndani ya picha, mwenzako ashike kwa mkono karibu na jiwe bila kugusa. Usibandike kitu kwenye jiwe, na usichomeke kijiti chini, kwa sababu ile ardhi ya pangoni unayoikanyaga mara nyingi ina zana za mawe na majivu ya watu wale wale waliochora, kwa hiyo hata kukaa chagua pa kukaa.

Piga kwanza jiwe zima kwa mbali, halafu sogea, halafu karibu kabisa, kamera ikiwa imetazamana na jiwe uso kwa uso sio kwa upande. Picha ya mbali watu wanaisahau, unafika nyumbani una mguu wa mnyama hujui ni wa jiwe gani.

Ukifika kwenye kompyuta kuna programu ya ImageJ, ni ya bure, ilitoka kwenye taasisi za afya za Marekani, NIH, ilikuwa ya kuchambulia picha za maabara. Mmarekani mmoja anaitwa Jon Harman mwaka 2005 akaitengenezea kiambatisho kinaitwa DStretch mahususi kwa michoro ya mawe, na hesabu yenyewe ni ile waliyokuwa wanaitumia watu wa NASA kuchambua picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani. Kwa wenye iPhone ipo ya simu pia, iDStretch, unaiona palepale mbele ya jiwe.

Kinachofanyika ndani nitakueleza hivi. Chukua mashahidi watatu wamekuja barazani kwa wazee, nyekundu, kijani na bluu. Wakiongelea jiwe wanasema kitu kilekile karibu chote, hapa kuna mwanga, hapa kuna kivuli, hapa kuna bonde, neno kwa neno. Mzee mwenye busara hapotezi muda kwenye walichokubaliana, anatega sikio pale mmoja alipotofautiana na wenzake kidogo tu, halafu anakiuliza hicho mpaka kisikike mpaka mlangoni. DStretch inachukua ile tofauti ndogo kati ya mashahidi, inaivuta, inaivuta, mpaka inakuwa kubwa kama mengine yote. Ngeu iliyofifia imeacha tofauti ndogo sana kati ya nyekundu na kijani, jicho haliwezi kuikamata, hesabu inaikamata.

Fungua picha, chora kisanduku kwenye sehemu yenye jiwe na mchoro tu, usiweke majani wala anga, kwa sababu programu inafanya hesabu kwa kilichomo kwenye kisanduku, ukiweka majani ya kijani yanakula nguvu yote. Halafu ingia Plugins, DStretch, utaona vitufe vingi vya herufi tatu au nne. Kwa nyekundu anza na YRE, YRD, LRE na YBR, nyekundu iliyofifia sana jaribu CRGB, kwa nyeusi YBK, kwa nyeupe YWE au LAB, na YDS ni ya kuanzia wakati hujui unatafuta nini. Kuna namba ya skeli, wengi wanaipandisha mpaka mwisho picha inakuwa kama kanga ya sikukuu. Punguza. Mstari ukionekana kwenye skeli ya chini na kwenye vitufe viwili vitatu tofauti ndio uuamini, ukionekana kwenye kitufe kimoja tu na skeli ya juu, uandike kwa alama ya kuuliza.

Na rangi utakazoziona sio za kweli. Nyekundu inaweza kuja zambarau, jiwe likaja kijani. Ukimwonyesha mtu picha hiyo weka na ile ya asili pembeni yake, kila siku, bila kuchoka, maana nimeshakutana na mtu anabisha kabisa kwamba wazee wa kale walikuwa na rangi ya zambarau.

Kuhusu kutofautisha rangi na kutu ya asili, kutu inafuata ufa na njia ya maji, inashuka chini, haina ukingo, rangi ya mkono wa mtu ina ukingo, inavuka ufa bila kuujali. Sogea karibu sana na lenzi ya makro uangalie. Na mkiwa wawili kila mtu achore kwenye karatasi yake anachokiona, bila kuoneshana, ndio mkutanishe. Ukitafuta twiga utamwona twiga. Mistari mliyokutana wote wawili ndio iingie kwenye ripoti.

Ngazi ya pili ni kamera na filta, na hapa kwangu ndio patamu. Kioo cha ndani cha kamera kinachopokea picha, mafundi wanaita sensa, kwa asili yake kinaona mpaka karibu nanomita 1000, ila kiwandani wanaweka kigae cha kuzuia infraredi mbele yake. Ukitaka kuamini chukua rimoti ya TV, ielekeze kwenye kamera ya simu, hasa ile ya selfi, bonyeza kitufe, kwenye simu nyingi utaona kitaa kinawaka ambacho kwa macho hukioni. Kamera ya zamani ya lenzi za kubadilisha, hata iliyokwaruzika mwili, inaweza kutolewa hicho kigae na kuwekewa kioo cheupe. Ila tafuta mtu anayeijua kazi hiyo kweli. Mimi fundi wangu wa kwanza aliniharibia, sensa ikakwaruzwa mstari katikati, na kila picha ina ule mstari mpaka leo, kwa hiyo lipa zaidi usubiri zaidi.

Baada ya hapo unapiga picha ileile mara nyingi, kila mara filta tofauti mbele ya lenzi. Seti yangu ni 450, 550, 650, 680, 750 na 850. Traipodi lazima, na iwe nzito, ning'iniza mfuko wa mawe chini yake kama kuna upepo. Tundu la lenzi f/8, fokasi ya mkono, na ukifika filta za infraredi fokasi inahama, irekebishe kila mara kwa kuangalia kwenye skrini sio kwa kukisia. Mwanga wa jua unafaa, taa za halojeni zinafaa, taa za LED nyeupe hazina infraredi ya kutosha, utapata giza tu. Halojeni zinachoma, usiziweke karibu na jiwe wala usiziache zinawaka mnapiga stori.

Sasa kitu ambacho kama utasahau vingine vyote usikisahau hiki. Kwa kila filta piga picha tatu: ya mchoro, ya nyeupe na ya giza. Nyeupe ni kitu kinachorudisha mwanga sawasawa kwenye kila rangi na infraredi. Wenye hela wana vibao maalumu vya bei kubwa vinaitwa Spectralon, mimi natumia ile tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba wanayozungushia nati maji yasivuje. Ile tepu ni ya plastiki ya PTFE, jamii moja na hicho kibao cha bei. Zungushia kwenye ubao bapa raundi nyingi mpaka usione ubao kabisa, uwe laini, usiushike na vidole vyenye mafuta, uhifadhi kwenye mfuko safi. Unaushika mbele ya mchoro bila kugusa, ukiwa na mwanga uleule, unapiga. Giza ni kufunika lenzi na kifuniko chake na kupiga kwa muda uleule wa shata. Watu wanaona ni upuuzi kupiga picha nyeusi, ila huku kwetu mwezi wa kumi kamera ikishapata moto inajitungia vitone vyake yenyewe, na hiyo picha ya giza ndio inakwambia vipi ni vitone vya kamera.

Hesabu ni hivi: picha ya mchoro toa giza, picha ya nyeupe toa giza, gawanya ya kwanza kwa ya pili. Umepata asilimia ya mwanga ambao jiwe lenyewe limerudisha, sio jua la saa nne wala wingu lililopita. Bila hiyo picha ya asubuhi na ya mchana haziwezi kulinganishwa, na ukirudi baada ya miaka mitano kuangalia kama mchoro unazidi kufifia huna cha kuonyesha.

Picha za filta tofauti zinahamahama kidogo, zipange kwanza zilaliane sawasawa, kuna ImageJ iliyojazwa viambatisho inaitwa Fiji, ndani yake kuna kitu cha kulalisha picha juu ya picha kwa kutafuta alama zinazofanana, kinaitwa SIFT, kinafanya vizuri. Kisha ingia Image Calculator ugawanye picha ya 650 kwa ya 550, weka tiki jibu liwe la biti 32. Ngeu ilimeza 550 ikarudisha 650, kwa hiyo jibu lake ni namba kubwa, inang'aa, na graniti tupu inabaki chini. Uzuri wa kugawanya ni kwamba kivuli kinatia giza picha zote mbili sawasawa, ukigawanya kivuli kinajifuta chenyewe, mabonde na vinundu vya jiwe vinatulia, inabaki rangi. Gawanya 750 kwa 680 utaona likeni, ule ukoga wa kijivu na wa njano unaoota kwenye mawe, kwa sababu una klorofili kama majani, na hapo unajua wapi mchoro umefunikwa na ukoga na wapi umeisha kweli.

Na ile 850 peke yake, iangalie bila hesabu yoyote. Kwenye lile bonge langu la mazoezi twiga mwekundu nilimchora juu ya kuku wa mkaa, kwa macho ni doa moja la kahawia. Kwenye 550 doa likawa jeusi zima. Nikaweka filta ya 850, twiga akaondoka. Sio kufifia, aliondoka, na chini yake kuku amesimama peke yake na kishungi chake na miguu miwili na kidole cha nyuma nilichokisahau kama nilikichora. Nilikaa barazani na ile kamera nusu saa nzima, nabadilisha filta naenda narudi, twiga anakuja, twiga anaondoka.

Ngazi ya tatu ni kamera zenyewe za haipaspektra, zinazokata mwanga vipande mamia, moja inachukua 400 mpaka 1000 na nyingine 1000 mpaka 2500. Hizo ni za vyuo na miradi, nyingi zinasoma mstari mmoja mmoja huku zinazungushwa na mota, zinahitaji jenereta, na faili moja linaweza kujaza diski yako. Hapo ndio kaolini inajitaja yenyewe kwenye 2200 na chokaa kwenye 2340 hivi. Kama unataka kufika huko pitia idara ya akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uende ukiwa na picha zako za ngazi ya pili mkononi.

Kwa sisi wa Tabora safari ya karibu ya kuona vitu hivi kwa wingi ni Kondoa. Basi mpaka Dodoma, unalala, kesho yake Kondoa, halafu Kolo ipo kama kilomita 20 na kitu mbele ya Kondoa mjini kwenye barabara ya Babati. Eneo lile liliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, lina kilomita za mraba 2,336 na mapango ya michoro zaidi ya 150. Mwanaakiolojia Mwingereza Mary Leakey alikuwa pale 1951 anainakili kwa mkono, mchoro mmoja mmoja, kwenye karatasi za kuonea. Myekundu ndio ya zamani, wanyama na watu warefu wembamba, inahusishwa na wawindaji na wakusanyaji wa kale, na juu yake sehemu nyingine kuna myeupe ya baadaye ya wakulima, ndio maana somo la mchoro juu ya mchoro nimelipigia kelele hapo juu. Hata mapya bado yanatokea, 2018 mtafiti wa Poland, Maciej Grzelczyk, alipata pango kwenye pori la Swaga Swaga huko huko Dodoma, Amak'hee 4, akalichapisha 2021, lina watu wenye vichwa kama vya nyati, na limesalimika kwa sababu jiwe la juu limejitokeza kama paa, maji na jua havifiki vizuri.

Usiende kimya kimya. Ripoti kwenye ofisi iliyopo Kolo, lipa kiingilio, uchukue muongozaji. Kama ni utafiti sio matembezi unahitaji kibali, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ndio wanaotoa kibali cha utafiti. Usitumie droni bila ruhusa. Na kumbuka kwenye pango la Mungomi wa Kolo mpaka leo Warangi, wenyeji wa pale, wanafanya tambiko, kwa hiyo unauliza kwanza. Mimi nilimkuta mzee mmoja amekaa kivulini, nikamwamkia shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, nikamweleza nimekuja na nini, akanyamaza kidogo akauliza, hiyo kamera inagusa? Nikamwambia haigusi babu. Na maji? Hatukuja na maji ya jiwe. Akasimama akatangulia mwenyewe.

Jambo lingine ni lokesheni. Simu inaandika ndani ya picha ulipokuwa, na ukiirusha mtandaoni unakuwa umemwelekeza kila mtu, pamoja na wale wanaoamini chini ya kila jiwe lenye alama Mjerumani alifukia mali. Futa lokesheni kabla ya kurusha. Kwa michoro ambayo haijulikani toa taarifa ofisini, sio kwenye status.

Mafaili yaite kwa mpangilio siku hiyohiyo usiku, kabla hujalala, jina la eneo, jiwe, tarehe, filta, na kama ni ya mchoro, nyeupe au giza. Ile ya asili usiibadilishe kamwe, kazi fanyia kwenye kopi. Weka diski mbili, moja isikae nyumba moja na nyingine. Kitufe ulichobonyeza na skeli uliyoweka viandike, vinginevyo mwenzako hawezi kurudia ulichofanya akaona ulichoona.

Nilivyorudi Kolo mara ya pili nilimpelekea yule mzee karatasi mbili za A4 nilizoprinti studio, moja ya asili na moja iliyokolezwa. Akaziweka mapajani, akapitisha kidole juu ya ile iliyokolezwa, taratibu, kwenye mgongo wa mnyama mpaka mkiani, kidole ambacho kwenye jiwe hakijawahi kugusa. Akaniuliza kwa nini hapa umeandika alama ya kuuliza. Nikamwambia babu hapo mimi na mwenzangu hatukukubaliana. Akasema basi kesho asubuhi twende, jua likiwa upande ule.